Uthabiti wa Matoleo Yasiyo Thabiti

Katika ghala za Debian, mfumo endeshi huria ulioasisiwa na Ian Murdock mwezi wa Agosti 1993, liko toleo moja ambalo halitangazwi kamwe kuwa limekamilika, maana kila siku hupokea programu mpya kutoka mikononi mwa wajenzi wake; nalo limepewa jina la Sid, yule mtoto wa filamu ya Toy Story aliyekuwa akivunjavunja vitu vya kuchezea. Jina hilo ni onyo la haki. Hata hivyo wako watu wengi, na mimi ni mmoja wao, wanaolitumia katika kazi ya kujipatia riziki, na mara kwa mara huulizwa kama mfumo ambao ungali ukiundwa waweza kuaminiwa.

Jibu halipatikani kabla ya kulipambanua neno lenyewe. Tusemapo kwamba mfumo ni thabiti, aghalabu twadhani kuwa maana yake ni kwamba hauharibiki, ilhali kwa mafundi wa Debian maana ya kwanza ni kwamba haubadiliki: programu uliyoikuta siku ya kuupokea ndiyo utakayoikuta mwakani, pamoja na kasoro zake ndogondogo, ila zile za usalama na nyingine nzito ambazo hurekebishwa. Kwa maana hiyo Sid si thabiti hata kidogo, ijapokuwa laweza kupitisha miezi mingi pasipo kumkwamisha mtumiaji wake. Mafundi wa FreeBSD, mfumo endeshi mwingine ulio huria, nao wana tawi waliloliita thabiti ambalo kwa hakika lingali likijengwa. Ahadi yake ni kwamba programu zilizoundwa kwa ajili yake hazitavunjwa na mabadiliko yajayo, wala si kwamba kila siku litakuwa halina dosari.

Baina ya Sid na toleo thabiti la Debian liko la tatu, la majaribio. Programu hukaa katika Sid siku mbili, tano au kumi, kwa kadiri ya uharaka wake, na ikiwa haikuzua kasoro nzito mpya, na zile inazozitegemea zikawa tayari, huvushwa. Mgeni akisikia habari ya uchujaji huo hukata shauri kwamba toleo la majaribio ni salama kuliko Sid, na mara nyingi hakosei; lakini chujio lizuialo taka huchelewesha na maji. Kasoro ikiisha kupenya, dawa yake nayo sharti ingoje zamu yake katika njia ileile, hata mwenye Sid akawa amekwisha kupona naye mwenye toleo la majaribio angali akiugua. Maadamu marekebisho ya usalama nayo aghalabu hupita huko huko, mimi nalipendelea Sid.

Lakini nalipendelea kwa hadhari. Mwanzoni mwa 2024 wajenzi wa Debian walianza kazi kubwa juu ya hesabu ya wakati, kwa sababu kompyuta zihesabuzo sekunde tangu 1970 katika nafasi ya biti 32 zitafikia ukomo wa hesabu hiyo tarehe 19 Januari 2038; na mamia ya maktaba za programu yakaundwa upya kwa majina mapya. Kwa majuma kadhaa, kila nilipoamuru kompyuta yangu ijisasishe, ilinijibu kwa orodha ndefu ya vitu ilivyokusudia kuviondoa, na chini yake swali fupi la ndiyo au siyo. Ambaye angebonyeza ndiyo bila ya kusoma angeweza kuupoteza uso mzima wa kompyuta yake, madirisha na yote. Nilisoma, nikakataa, nikangoja.

Tumbleweed, toleo la mfumo wa openSUSE ambalo nalo husasishwa daima, lina mwendo mwingine ambao naustahi sana. Huko programu hazipimwi moja moja tu, bali mfumo mzima huwashwa na mashine iitwayo openQA, ikabonyeza vitufe kama abonyezavyo mtu, ikaitazama skrini na kuilinganisha na picha iliyotarajiwa, na mkusanyo usiofaulu hautolewi. Kwa hiyo Tumbleweed, ingawa programu zake ni mpya sana, huvunjika kwa nadra.

Walakini Machi ya mwaka huo huo wa 2024 ilidhihirisha mpaka wa vipimo vyote hivi. Katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ndogo ya kubana data, mtu aliyejijengea uaminifu kwa muda mrefu alificha mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Sid liliipokea, na toleo la majaribio, na Rawhide, toleo la mfumo wa Fedora lingali likijengwa, na Tumbleweed pia. Skrini zilikuwa sawasawa na picha zao. Aliyegundua ni Andres Freund, mtaalamu wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliyekuwa akipima kasi katika kompyuta yenye Sid akaona kwamba kuingia kwa mbali kwa njia ya SSH kunachelewa kwa nusu sekunde hivi. Hakuupuuza uzito huo mdogo. Aliufuatilia hata chanzo, na tarehe 29 Machi akautangazia ulimwengu.

Jioni ile wenye Sid tulikesha tukikagua na kurudisha matoleo ya nyuma. Wenye Debian 12, toleo thabiti la wakati huo, walikuwa na xz 5.4.1, wala hapakuwa na kitu cha kubadilisha.