Ngitili: akiba ya Shinyanga isiyowekwa benki

Mnunuzi wa ng'ombe anayezunguka minada ya Shinyanga mwezi Septemba hajali sana rangi ya mnyama. Hutazama mbavu. Ng'ombe aliyekosa malisho huuzwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu mwenye mali hawezi kungoja. Mwenye ngitili anaweza kungoja, na katika biashara anayeweza kungoja ndiye anayepanga bei.

Ngitili ni eneo ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza, yapata Novemba, ili nyasi na miti ikue bila kuguswa. Hufunguliwa Julai au Agosti, malisho mengine yakishakwisha, na mifugo huingizwa kwa zamu, sehemu baada ya sehemu. Kwa lugha ya soko, ni bidhaa inayowekwa ghalani wakati wa neema na kutolewa wakati wa uhaba.

MTAJI ULIVYOLIWA

Ghala hilo lilikaribia kubaki tupu. Enzi za ukoloni misitu ilifyekwa ili kuwaangamiza mbung'o. Mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na uhamisho wa watu kwenda vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970 ukawaacha wengi mbali na ngitili zao. Kufikia mwaka 1986, ngitili zilizojulikana mkoani zilikuwa takriban hekta 600 tu. Mwalimu Nyerere aliuita mkoa huo jangwa la Tanzania.

Mwaka huohuo Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ambayo baadaye ilipata fedha za NORAD ya Norway na utaalamu wa kituo cha utafiti cha ICRAF. Mwanzoni mkazo ulikuwa kwenye miche ya vitaluni. Baadaye ikaonekana njia nafuu zaidi: visiki na mizizi iliyobaki ardhini ilikuwa hai bado, na ikiepushwa na shoka na kwato huchipua yenyewe. Gharama kubwa ikawa subira na ulinzi. Mkutano wa kimila, dagashida, uliweka masharti, sungusungu wakayasimamia, mkosaji akatozwa faini iitwayo mchenya.

Matokeo yake, mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerejeshwa katika vijiji zaidi ya 800. HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002, na mradi ukafungwa mwaka 2004.

HESABU YAKE

Utafiti wa Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la IUCN, uliotolewa mwaka 2005, ulikadiria faida ya ngitili kuwa dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi. Wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini wakati huo ulikuwa dola 8.50. Sehemu kubwa ya faida hiyo haipiti sokoni: ni kuni, nguzo, dawa, asali, malisho na nyasi za kuezekea ambazo familia haikuzinunua.

Ipo na faida ya ulinzi. Pwani, vilima vya mchanga vyenye majani ndivyo vinavyokinga ngazi na njia za kushukia ufukweni zisiliwe na bahari. Shinyanga haina bahari, ila ina malambo. Ardhi ikiwa tupu, mvua huubeba udongo na kuujaza lambo, na mali ya umma hupotea bila mtu kuiba. Nyasi juu ya lambo ni bima yake.

SOKO LINALOVUTA UPANDE MWINGINE

Wasiwasi leo unatokana na soko lenyewe. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na Bulyanhulu, wilayani Kahama, mwaka 2001. Bukombe, iliyokuwa Shinyanga, ilihamia Mkoa mpya wa Geita mwaka 2012. Ukanda huu wa dhahabu umevuta watu, na watu wanahitaji mkaa na mchele. Wachimbaji wadogo nao wanahitaji matimba, yaani magogo ya kushikilia kuta za maduara. Mwenye ngitili anayeletewa fedha taslimu kwa miti yake huona faida ya wiki moja mbele ya faida ya miaka kumi.

Tena faida haigawanyiki sawa. Mwenye ng'ombe mia hunufaika na malisho. Asiye na hata mbuzi huambulia kuni, naye ndiye wa kwanza kushawishika na tanuri la mkaa. Kijiji kisichompa fungu lake kitalinda ngitili yake kwa mchenya peke yake, na faini haijawahi kumshibisha mtu.

Njia zipo. Ngitili huweza kukodishwa kwa malisho ya kiangazi, kuvunwa nyasi au kuwekwa mizinga ya nyuki bila kukatwa mti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu mwanakijiji kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na mwenye hati huogopa kidogo kusubiri.

Kwa mfanyabiashara wa mifugo au mazao ya nyuki, ushauri ni mfupi: kabla ya kuweka fedha kijijini, uliza ngitili iko wapi, ni ya nani, na nani analipwa ikifunguliwa.