Chesi: Mwenye kete nyeusi Butembo achague ulinzi upi?

Katika mchezo wa chesi, au sataranji, mwenye kete nyeupe ndiye anayeanza, na faida hiyo ndogo huonekana kwenye matokeo. Miongoni mwa wachezaji wenye uzoefu, kete nyeupe huvuna takriban asilimia 52 hadi 56 ya pointi. Anayepangiwa kete nyeusi huanza akiwa nyuma kwa hatua moja, na lazima aamue mapema atajilinda vipi.

Kwa kijana wa Butembo au Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uamuzi huo ni mzito zaidi. Asiye na kocha, anayenunua mega za intaneti kwa hesabu na kuchaji simu umeme unapopatikana, hawezi kupoteza muda wa kujifunza. Ufunguzi unaomfaa bingwa mwenye wasaidizi na kompyuta huenda usimfae yeye.

Mweupe anapoanza kwa kupeleka askari e4, jibu maarufu ni Ulinzi wa Kisisilia: askari mweusi kwenda c5. Bobby Fischer na Garry Kasparov waliutumia kwa miaka mingi kwa sababu unamwezesha mweusi kutafuta ushindi tangu mwanzo. Lakini bei yake ni kubwa. Una matawi mengi, na katika yale makali, kusahau hatua moja kunaweza kumaliza mchezo kabla ya hatua ya ishirini.

Ulinzi wa Kifaransa, askari kwenda e6, ni mwepesi zaidi kuukumbuka. Jina lake lilitokana na mechi iliyochezwa kwa barua kati ya Paris na London kuanzia mwaka 1834 hadi 1836. Unajenga ukuta imara, ila askofu wa c8 hubaki amefungiwa nyuma ya askari wake mwenyewe, na wanaoanza wengi hushindwa kumtoa.

Tatizo hilo hupungua katika Caro-Kann, ambapo askari husogea c6 na kisha d5. Ulinzi huo una majina ya Horatio Caro na Marcus Kann, walioufanyia uchambuzi mwaka 1886. Mara nyingi askofu hutoka kwanza hadi f5, ndipo mlango wa e6 ufungwe. Mabingwa wa dunia Mikhail Botvinnik, Tigran Petrosian na Anatoly Karpov waliutegemea.

Faida nyingine ya Caro-Kann huonekana mweupe anapoanza kwa d4. Mweusi anaweza kujibu d5 na kisha c6, yaani Ulinzi wa Kislavi. Askari wanasimama kwenye miraba ileile ya c6 na d5, hivyo mengi aliyojifunza upande mmoja humsaidia upande wa pili. Kwa mwenye muda mchache, huo ni ukuta mmoja unaolinda milango miwili.

Wapo wanaosema ulinzi wa namna hii huzaa sare nyingi. Lakini sare kwa kete nyeusi si aibu. Mwaka 2000 mjini London, Vladimir Kramnik alitumia Ulinzi wa Berlin kumzuia Kasparov, ambaye hakushinda hata mchezo mmoja, na Kramnik akatwaa ubingwa wa dunia kwa pointi 8.5 dhidi ya 6.5.

Ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, Uganda imeonyesha kwamba uhaba si kizuizi cha mwisho. Phiona Mutesi wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyekuwa ameacha shule kwa kukosa karo, alifundishwa na Robert Katende. Mwaka 2012, katika Olimpiadi ya chesi mjini Istanbul, yeye na Ivy Amoko wakawa wanawake wa kwanza wa Uganda kupata cheo cha kimataifa cha mchezo huo.

Anayesoma vitabu kutoka Uganda awe makini na herufi. Katika vitabu vya Kifaransa, R ni mfalme. Katika vya Kiingereza, R ni ngome. Hatua za askari hazina herufi, hivyo c6 ni c6 kote.

Programu ya Lichess, iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, ni ya bure, na kwenye simu inaruhusu kucheza na kompyuta bila intaneti.

Mwenye kiu ya kushambulia na muda wa kukariri anaweza kwenda Kisisilia. Kwa wengine, Caro-Kann na Kislavi vinatosha kuanzia, mradi wasivitupe baada ya kushindwa mara moja. Wacheze michezo thelathini, waandike kila hatua, kisha watazame ni wapi walipotea. Mara nyingi watakuta kosa lilikuja baada ya ufunguzi kwisha.