Kitufe Kimoja, Timu Nne

Timu ya malipo inataka kubadilisha rangi ya kitufe kimoja. Ni kazi ya dakika chache. Lakini tovuti nzima ya duka, kuanzia utafutaji na kikapu hadi malipo na akaunti, imejengwa kama programu moja, kwa hiyo kitufe hicho kitangoja hadi msimbo wote ujengwe upya, upimwe na upelekwe kwenye seva kwa pamoja. Timu ya utafutaji ikiwa na hitilafu wiki hiyo, kitufe nacho kitakwama.

Upande wa seva ulishapata dawa yake zamani: huduma ndogondogo, kila moja na timu yake na ratiba yake. Mwishoni mwa 2016 kampuni ya ushauri ya ThoughtWorks ikaanza kuzungumzia kuukata hivyohivyo upande wa mbele, ule anaouona mtumiaji. Kukata hakukuwa kugumu. Kuunganisha ndiko kulikosumbua. Waliotumia iframe walipata vipande vilivyojifungia, kila kimoja kikipakua maktaba zake upya. Waliochapisha kila kipande kama pakiti ya npm waligundua kwamba pakiti ikibadilika, tovuti nzima hujengwa upya, yaani wamerudi palepale.

Oktoba 2020 lilitoka toleo la 5 la webpack, zana iliyoanzishwa na Tobias Koppers mwaka 2012. Ndani yake kulikuwa na programu-jalizi iitwayo ModuleFederationPlugin, iliyotokana na wazo la Zack Jackson. Kwa kawaida webpack hukusanya mamia ya faili na kuyafunga kuwa machache, na uhusiano wote baina yao huamuliwa siku ya kujenga. Programu-jalizi hii huacha sehemu ya uhusiano huo wazi, ije kukamilishwa ndani ya kivinjari cha mtumiaji, wakati ukurasa unafunguka.

Usanidi wake kwa macho ni mfupi. Timu ya malipo huipa programu yake jina chini ya `name`, na chini ya `exposes` hutaja moduli inazokubali zitumiwe na wengine, tuseme `./Malipo`. Webpack hutoa faili ndogo, ambayo kwa mazoea huitwa `remoteEntry.js`, inayoeleza kilichopo na mahali kilipo. Programu mwenyeji, ile inayobeba ukurasa, huandika anwani ya faili hiyo chini ya `remotes`. Kuanzia hapo mwenyeji anaweza kuita `import("malipo/Malipo")` kana kwamba msimbo huo umo kwenye folda yake mwenyewe, ingawa uko kwenye seva nyingine. Timu ya malipo ikibadilisha kitufe asubuhi, atakayefungua ukurasa mchana atakiona, na hakuna timu nyingine iliyoombwa ruhusa.

Hadi hapo ni rahisi. Kazi yenyewe iko kwenye `shared`.

Programu zote nne za duka zinatumia maktaba ya React. Bila kuambiwa lolote, kila moja itakuja na nakala yake, na mtu aliyenunua bando la siku atalipia React mara nne. Ukiandika `react` chini ya `shared`, kila programu inapoanza huandikisha toleo ililonalo kwenye orodha ya pamoja, kisha kila moja huchukua toleo la juu kabisa linalokidhi masharti yake. Ikikosa, hutumia nakala yake yenyewe. Kwa maktaba ya kupanga tarehe hilo halina madhara; nakala mbili zitaishi pamoja bila kugombana. React haivumilii hivyo. Nakala yake moja ikichora ukurasa huku kijenzi kikiita `useState` ya nakala nyingine, kinaanguka papo hapo na ujumbe wa "Invalid hook call". Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Ndiyo maana huongezwa `singleton: true`, kwamba nakala iwe moja tu. Wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza. Ikiwa mwenyeji ana React 18 na timu ya kikapu imeshahamia 19, moja itabidi ikubali ya mwenzake, na webpack itatoa onyo tu kwenye konsoli, mahali ambapo mteja hatazami kamwe. Ukiongeza `strictVersion: true`, onyo hugeuka kosa na moduli hukataa kupakiwa. Mimi naichagua hiyo kwenye mazingira ya majaribio; afadhali ukurasa uvunjike mbele ya fundi.

Kuna kosa jingine ambalo karibu kila mgeni hulipata siku ya kwanza: "Shared module is not available for eager consumption". Faili ya kwanza ya programu imeiomba React kabla matoleo hayajalinganishwa. Dawa yake ni kuhamisha yote yaliyomo `index.js` kwenda `bootstrap.js`, kisha `index.js` ibaki na mstari mmoja tu, `import("./bootstrap")`. Mstari huo huipa webpack nafasi ya kupakia maktaba za pamoja kwanza. Na `remoteEntry.js` isihifadhiwe muda mrefu kwenye kashe, la sivyo wateja watabaki na ramani ya juzi inayoelekeza kwenye faili zilizokwisha kufutwa.

Kitu kimoja kilipotea katika mabadilishano haya. Muungano ukifanyika siku ya kujenga, kikaguzi cha TypeScript hukamata jina lililokosewa mapema. Ukihamia kwenye kivinjari, kikaguzi hakioni tena msimbo wa jirani. Module Federation 2.0, toleo jipya la mbinu hii, iliyotangazwa 2024 kwa ushirikiano na wahandisi wa ByteDance, inajaribu kuziba pengo hilo kwa kusafirisha maelezo ya aina za data kutoka timu moja hadi nyingine.

Timu ya watu wanne au watano haihitaji lolote kati ya haya; programu moja iliyojengwa vizuri itawatosha. Lakini kama mko timu kadhaa na mmeshaamua, kaeni kwanza mkubaliane ni toleo gani la React na nani atakayepandisha lijalo, kisha ndipo mfungue `webpack.config.js`.