Wajibu wa Mtengenezaji Huvuka Bahari Pamoja na Gari

Anayependa magari kwa dhati hulitambua gari kwa namba yake ya chesisi. NCP60 ni Toyota IST, SCP90 ni Vitz. Ukiunganisha na tarakimu zinazofuata baada ya kistari, unapata namba ya gari hilo moja tu duniani. Kiwanda ndicho kilichoigonga kwenye chuma, na kiwanda kinayo katika kumbukumbu zake. Gari laweza kuuzwa mnadani Nagoya, likapakiwa melini Yokohama, likateremshwa Mombasa au Dar es Salaam, likapewa namba mpya ya usajili na kupakwa rangi upya, na chesisi ikabaki ileile. Hoja yangu inasimama hapo. Kampuni yenye uwezo wa kulitambua gari lake popote lilipo haina udhuru wa kulikana eti limeuzwa ng'ambo.

Biashara yenyewe si ya pembeni. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ya Oktoba 2020 ilionyesha kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje na Japani, Marekani na nchi za Umoja wa Ulaya. Asilimia 80 yaliishia katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na Afrika ndiyo iliyopokea mengi kuliko bara lolote. Upande wetu huu, unaoendesha kushoto na usukani kulia, Japani ndiyo ghala kuu. Huko gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na gharama za ukaguzi huo huwafanya wenye magari wengi waone heri kuuza mapema. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane. Tanzania haizuii umri bali hulitoza ushuru zaidi gari lililozeeka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya magari tunayoyaendesha hayakuletwa na kampuni iliyoyatengeneza wala wakala wake rasmi. Yaliletwa na waagizaji wa yadi, au na mnunuzi mwenyewe aliyelipia mtandaoni.

Pengo hilo kati ya kampuni na gari lake linaonekana wazi zaidi katika sakata la Takata, kampuni ya Kijapani iliyokuwa ikiwauzia watengenezaji wengi mifuko ya hewa, au eabegi kama mafundi wanavyoiita. Ndani ya usukani hukaa kopo dogo la chuma lenye vidonge vya kemikali. Gari likigonga, vidonge huwaka, gesi ikajaza mfuko kabla kichwa cha dereva hakijafika kwenye usukani. Takata ilichagua amonia naitreti, kemikali ya bei nafuu ambayo washindani wake walikuwa wameiepuka. Joto linapopanda na kushuka kila siku kwa miaka, na unyevunyevu ukapenya, vidonge hupoteza umbo na kugeuka unga. Unga huwaka kwa kasi kuliko kidonge, shinikizo huzidi nguvu ya kopo, na kopo lenyewe hupasuka na kumrushia dereva vipande vya chuma shingoni na usoni. Ajali ambayo mtu angeshuka kwa miguu yake inakuwa ya kuua. Watu wamekufa hivyo Marekani, na wamekufa hivyo Malaysia.

Januari 2017 Takata ilikubali kukiri kosa la jinai nchini Marekani kwamba iliwapa watengenezaji wa magari takwimu za majaribio zilizoghushiwa, ikakubali kulipa dola bilioni moja. Juni mwaka huohuo ikaomba kinga ya kufilisika. Wakati huo wito wa kuyarudisha magari yabadilishwe makopo ulikuwa umeshakuwa mkubwa kuliko wote katika historia ya magari: takriban makopo milioni 67 Marekani pekee, na zaidi ya milioni 100 duniani. Haki itendeke hata kwa kampuni za magari: nazo zilidanganywa, na zimebadilisha mamilioni ya makopo bila kumtoza mteja senti. Honda, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa Takata, ilitangaza Novemba 2015 kwamba haitaiagiza tena kwa magari yake mapya. Lakini kazi hiyo ilifanyika kwa bidii pale tu palipokuwa na serikali inayoisukuma.

Tazama jinsi Marekani ilivyopanga foleni ya vipuri. Ilizigawa sehemu zake kwa joto na unyevunyevu, na zilizotangulizwa zilikuwa kama Florida, Hawaii na Puerto Rico, kwa sababu huko ndiko makopo yalikokuwa yakiharibika haraka. Tanga, Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam zina hali ya hewa ya namna hiyohiyo mwaka mzima. Mei 2015 Toyota iliita magari karibu milioni tano duniani, yakiwamo Corolla na Vitz yaliyotengenezwa kati ya 2003 na 2007, yaani umri uleule wa magari yaliyojaza barabara zetu katika muongo uliofuata. Kitaalamu, pwani yetu ilistahili kuwa mbele ya foleni. Kibiashara, iliachwa nyuma.

Jibu la kampuni hujulikana, nalo lina uzito wake. Husema: sisi tuliliuza gari kwa Mjapani, tukamtumia barua alipokuwa nalo, hatuna mkataba na aliyelinunua Kariakoo, na wakala wetu wa hapa anawajibika kwa magari aliyoyaleta yeye. Kisheria kauli hiyo inaweza kusimama katika nchi nyingi. Lakini kasoro ya kopo haikuzaliwa na mkataba, ilizaliwa kiwandani. Tena kampuni haijitengi na soko la mitumba pale faida inapokuja. Mjapani hupata bei nzuri ya gari lake la zamani kwa kuwa kuna mnunuzi ng'ambo, na bei hiyo humsaidia kurudi dukani kununua jipya. Sifa ya Toyota ya kutokufa njiani, ambayo leo inauza Land Cruiser na Hilux mpya kwa serikali na mashirika, imejengwa kwa kiasi kikubwa na Corolla na Probox za mkono wa pili. Haiwezekani jina liwe la kampuni linapong'aa, kisha likawa la muagizaji linapopasuka.

Wala si ndoto. New Zealand, ambayo kama sisi huagiza magari yaliyotumika kutoka Japani kwa wingi, ilitoa mwaka 2018 amri ya lazima kwa magari yapatayo 50,000 yenye makopo ya aina hatari zaidi, yakiwamo yaliyoingia kama mitumba. Japani yenyewe, kuanzia Mei 2018, iliacha kuyapitisha katika ukaguzi magari yenye makopo hatari ambayo hayajabadilishwa. Gari la namna hiyo likabaki na njia mbili: litengenezwe, au liondoke kwenye barabara za Japani. Njia ya pili ndiyo inayopaswa kututia wasiwasi.

Wako watakaosema lawama ni ya serikali zetu, na hapo sibishani sana. Ukaguzi wa gari kabla ya kusafirishwa huangalia breki, taa, tairi na kutu. Hakuna jicho linaloona vidonge ndani ya kopo lililofungwa. Namba ya chesisi ndiyo inayojibu. Kampuni za Japani zina kurasa za kuingiza namba hiyo na kujua kama gari limeitwa na kama limetengenezwa, ila nyingi kati ya kurasa hizo ni za Kijapani, na mfumo wa Marekani unaotaka namba ya herufi na tarakimu 17 hautambui gari lililotengenezwa kwa soko la Japani. TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, wangeweza kulifanya jibu la swali hilo kuwa sharti la wazi la kila gari kuingia. Lakini sharti hilo haliwezi kufanya kazi bila kampuni kufungua kumbukumbu zake, kwa Kiswahili na Kiingereza, na kumwagiza wakala wake apokee gari lolote lenye chesisi iliyoitwa.

Hoja kwamba magari haya yamezeeka na yatajiishia yenyewe ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa kuwa kopo huzidi kuwa hatari kadiri linavyokaa. Kuwaachia mafundi wa mtaani hakufai pia. Taa ya eabegi ikiwaka kwenye dashibodi, wapo wanaoizima kwa kuunganisha kizuizi cha umeme, na wapo wanaofunga usukani uliotolewa kwenye gari lililochinjwa, kopo lake likiwa la umri uleule. Simlaumu fundi anayefanya awezalo bila kipuri wala maelezo. Kopo ni baruti. Kulitoa kunahitaji betri ifunguliwe, umeme uliobaki uishe, na kopo la zamani lipelekwe mahali pa kuliteketeza kwa usalama. Kazi hiyo ina mwenyewe, na jina lake limeandikwa katikati ya usukani.