Simu ya Intaneti na Mashine ya Kadi Dukani

Waingereza wameazimia kuizima simu yao ya kale ya waya wa shaba, ambayo kwa zaidi ya karne moja ilipeleka sauti za watu kutoka mji hadi mji. Na baada ya muhula wa kwanza wa Desemba 2025 kuahirishwa, siku iliyowekwa sasa ni mwisho wa Januari 2027, ilhali tangu Septemba 2023 laini mpya za namna hiyo haziuzwi tena. Majumbani badiliko hili la kuhamia simu ya intaneti aghalabu hupita kwa amani. Lakini katika maduka madogo, ya vyakula, ya dawa na ya vinyozi, na miongoni mwa wenye maduka hayo wamo ndugu zetu waliotoka pwani ya Afrika Mashariki, bado zipo mashine za kadi zilizochomekwa katika tundu la simu ukutani. Na mwenye duka akiisha kuhamishiwa simu ya intaneti, huutwaa waya uleule akauchomeka nyuma ya ruta, akampigia jamaa yake, akaisikia sauti safi isiyo na mkwaruzo, akaridhika kuwa mambo yametengemaa. Nia yangu ni kueleza kwa nini ushahidi huo wa sikio hautoshi.

Mashine ya kadi ya namna ya zamani haina lugha ila milio. Mshitiri akiisha kuingiza kadi na nambari yake ya siri, mashine hupiga simu kama apigavyo mtu, na modemu iliyo ndani yake huzigeuza habari za malipo kuwa milio yenye mpangilio makini, kwa kasi ya biti 1,200 au 2,400 kwa sekunde, ambayo kwa vipimo vya leo ni haba mno, lakini kwa ujumbe mfupi wa namna hiyo yatosha kabisa, maadamu sauti inafika kwa mfululizo usiokatika. Mfululizo huo ndio simu ya zamani iliouhifadhi.

Simu ya intaneti haina mfululizo. Huikata sauti vipande, aghalabu vya milisekunde 20 kila kimoja, ikakitia kila kipande katika pakiti yake, na pakiti hizo husafiri pamoja na shehena nyingine zote za mtandao hadi upande wa pili, zikaungwa tena. Pakiti moja ikipotea, mtambo haungoji. Huliziba pengo kwa kurudia sauti iliyotangulia, na sikio la mwanadamu, ambalo tangu utotoni limezoea kuyakamilisha maneno yaliyomezwa, halitambui lolote. Lakini katika milisekunde 20 modemu ya biti 1,200 imekwisha kutamka biti 24, yaani herufi tatu kamili, na kuziba pengo lake kwa sauti ya jirani ni sawa na karani wa hesabu aliyekuta tarakimu imefutika daftarini, akaandika mahali pake tarakimu iliyo kando. Zaidi ya hayo, kampuni nyingine za simu hubana sauti ili kupunguza mzigo: kiwango kiitwacho G.711 hutumia biti 64,000 kwa sekunde, na G.729 biti 8,000 tu, kwa kuwa hiki cha pili kimeundwa kwa kufuata namna koo na kinywa vya mwanadamu vinavyotoa sauti. Modemu haina koo wala kinywa, na milio yake ikipitishwa humo hutoka imepotoka isitambulike tena.

Hapa ningependa kuondoa hofu moja. Mashine hizi zina tarakimu za uhakiki, kwa hiyo ujumbe uliochafuka hukataliwa, wala mshitiri hatatozwa kiasi kisicho chake kwa sababu hiyo. Hasara ni nyingine: mashine hurudia kutuma, hurudia tena, muda huisha, laini hukatika, na foleni hutazama. Na kwa kuwa njia ni ileile inayobeba filamu wanazotazama watoto ghorofani, mashine iliyofanya kazi vyema asubuhi huweza kushindwa jioni, na mwenye duka akailaumu benki au akadhani kadi ya mteja ina kasoro.

Waweza kumwomba fundi wa kampuni ya simu atumie G.711, azime vidhibiti vya mwangwi na vya ukimya, na mashine ipunguzwe kasi. Tiba hizi hupunguza taabu, haziiondoi. Tena kuna suala la amana: mashine nyingi za zamani zilituma habari za kadi bila kuzifumba, zikitegemea faragha ya waya, na njia hiyohiyo ikiingia katika intaneti, dhamana ile imetoweka.

Dawa ya kweli ni mashine inayosema na benki kwa intaneti moja kwa moja, kwa waya wa ruta au Wi-Fi, ikifumba habari zake na kuitaka tena pakiti yoyote iliyopotea. Au inayotumia laini ya simu ya mkononi, kama zifanyavyo nyingi za Dar es Salaam na Mombasa, ambayo ikiwa na betri huendelea kufanya kazi hata ruta ikizimika kwa kukosa umeme. Basi wewe mwenye duka uliyeko Uingereza, kabla hujaikubali siku ya kuhamishwa, fuata waya wa mashine yako kwa mkono hadi unakoishia; ukiishia katika tundu la simu, iarifu sasa kampuni iliyokupa mashine, ukaidai ya kuibadili.