Mbona unasema umeelewa na hujaelewa?

Mwalimu wa Hesabu anamaliza kuandika ubaoni, anageuka. "Tumeelewana?" Nanyi kwa sauti moja: "Ndiyo, mwalimu!" Kengele ikilia unamgeukia jirani yako wa dawati: "Wewe, hiyo x imetoka wapi?" Naye hajui.

Mwalimu ameondoka akiamini mmeiva, kesho anaanza mada mpya. Mtihani ukiwaangusha atawaita wavivu, nanyi mtasema hajui kufunza.

Najua unachoogopa. Kuna mwalimu ambaye ukimuuliza swali anang'aka, "Ulikuwa wapi nikifunza?" Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mwanafunzi kudhalilishwa, kimwili na hata kisaikolojia, lakini kile kicheko cha darasa zima, aki, kinauma.

Sasa, usiseme "sijaelewa" tu. Atarudia yaleyale, ila kwa sauti ya juu zaidi. Mwonyeshe ulipopotelea: "Mwalimu, nimekufuata hadi mstari wa tatu, huu wa nne umeniacha." Ukiona haya, mfuate stafurumu wakati wa mapumziko, na daftari mkononi.

Nawe mwalimu, kama umepita hapa, hebu siku moja usiulize "tumeelewana?" Mpe mmoja wao chaki.