Yanonge: Hesabu ya kisanduku inayoamua kama simu ndogo itaonyesha mtumbwi

Ukishuka Mto Kongo kutoka Kisangani, baada ya karibu kilomita 60 unafika Yanonge, jimboni Tshopo. Mitumbwi ya gogo moja inayopita hapo ni mirefu na myembamba. Madoa ya rangi yenye umbo kama hilo yanaweza kuisumbua simu ya bei ndogo inapotakiwa kuonyesha mahali kama hapo katika picha ya pande tatu, inayozungushwa kwa kidole.

Mbinu ya picha hizo ilitangazwa mwaka 2023 na watafiti wakiwemo Bernhard Kerbl na George Drettakis wa taasisi ya Inria, Ufaransa. Picha za kawaida zinageuzwa kuwa mamilioni ya madoa ya rangi. Kila doa ni zito katikati na hufifia kuelekea nje, kwa kufuata hesabu ya Mjerumani Carl Friedrich Gauss.

Shida ni kwamba doa la namna hiyo halina mpaka. Mashine inalazimika kulizungushia kisanduku kwenye skrini ili ijue ni pikseli zipi za kushughulikia. Kisanduku kikiwa kidogo mno, doa linakatwa. Kikiwa kikubwa mno, nguvu inapotea bure.

Programu ya kwanza ilichukua njia fupi: ilipima mtawanyiko wa rangi kwa upande mrefu, ikauzidisha mara 3 kutoka katikati, kisha ikachora mraba. Kwa doa la duara, inafaa. Lakini doa lililolala kama mtumbwi, lenye mtawanyiko wa pikseli 50 kwa urefu na 5 kwa upana, linapewa mraba wa 300 kwa 300: pikseli 90,000. Kila upande ukipimwa peke yake, kisanduku ni 300 kwa 30: pikseli 9,000 tu.

Doa hafifu linaweza kupunguziwa zaidi, kwa sababu programu haichori rangi iliyo chini ya sehemu 1 ya 255. Doa lililokaa mshazari bado linaacha pembe tupu. Hapo mbinu mpya zinakagua skrini kipande kwa kipande.

Kwa mkaaji anayelipia kuchaji simu, pikseli zinazoachwa ni betri inayobaki. Bila akiba hiyo, picha ya kijiji chake itafunguka vizuri zaidi kwenye kompyuta kubwa za mbali kuliko kwenye simu ndogo.